Chai ya Joel na Koo Langu

Kitu cha kwanza kukataa kushuka kilikuwa ugali. Ulikuwa mwezi wa nne, tumetoka kupanda mahindi, na nilikuwa na njaa ya mtu aliyeshinda na jembe. Tonge la tatu likasimama katikati ya kifua kama limekuta mlango umefungwa. Nikanyoosha shingo, nikajigonga kifua kwa ngumi, wapi. Nikachukua kikombe cha chai, nikapiga mafunda mawili ya moto, na lile tonge likateleza likaenda zake.

"Polepole, Mama Chebet," mume wangu aliniambia akicheka. "Hakuna mtu anakunyang'anya."

Nikacheka pia. Nilikuwa na miaka hamsini na moja na sijawahi kulazwa hospitalini isipokuwa siku ya kujifungua.

Naitwa Esther. Sista mmoja wa kliniki ya Nakuru ndiye aliyeniambia niandike haya. Alisema kuna watu wanafika pale wakiwa hawajui hata cha kuuliza. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nikanunua daftari, kwa sababu kuna jambo moja katika habari hii ambalo sikuambiwa na mtu, na nililijua nikiwa nimechelewa. Mambo ya dawa na majina yake siyajui vizuri, waulize wenyewe. Mimi nitasema nilichopitia.

Tunakaa Elburgon, upande wa mashine za mbao. Mimi ni Mkikuyu na Joel, mume wangu, alikuwa Mkipsigis, kwa hivyo nyumba yetu iliongea Kiswahili tangu siku ya kwanza, na binti yetu wa pekee, Chebet, alikua akidhani hiyo ndiyo lugha ya mama.

Joel alikuwa mtu wa chai. Sina namna nyingine ya kumwelezea. Alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai upande wa Kericho, mama yake akiwa mchumaji, na yeye mwenyewe alifanya kazi kiwandani miaka kumi na miwili, pale majani yanaponyaushwa na kukaushwa, mpaka mashine mpya zilipokuja wakapunguzwa. Alipofika Elburgon alifungua hoteli ndogo ya mabati, meza nne, akauza chai, mandazi na chapati, basi. Wapasua mbao na madereva wa malori walimfuata hata kama ni kuzunguka. Kwetu ni baridi. Mwezi wa saba ukungu wa msitu wa Mau unashuka hadi mlangoni, na mtu anataka kikombe ambacho hawezi kukishika bila kukihamisha mkono huu kwa ule. Joel aliwapa hicho. Maji, maziwa na majani vilichemka pamoja, sufuria ikapanda na kushuka mara tatu, tangawizi ikaingia, na chai ikafika mezani bado inatokota. Mtu akipuliza kikombe chake Joel alimtania. "Unapuliza nini, boss? Kwani umewasha kuni?"

Nyumbani ilikuwa vilevile. Kwa miaka ishirini na sita nilikunywa chai ya Joel asubuhi, saa nne na jioni, na mimi niliipenda moto kuliko yeye.

Baada ya ugali ikaja nyama. Kisha chapati. Nilijifundisha ujanja: kutafuna mpaka chakula kiwe maji, kuinamisha shingo kidogo kushoto, kusukuma na chai. Kwenye duka la dawa waliniambia ni vidonda vya tumbo, nikameza dawa za vidonda wiki sita. Kufikia mwezi wa saba nilikuwa mtu wa uji na chai tu, na sketi zangu nilizishika kwa pini. Kanisani walinisifu. "Esther, umepungua vizuri, unafanya nini?" Nikasema nimeacha mafuta. Sijui kwa nini nilidanganya. Niliona aibu, kama mtu aliyeshikwa na kosa.

Joel ndiye aliyenigundua. Alinikuta nimejikunja kando ya tangi la maji nikitema uji. Uji, si ugali. Kesho yake alifunga hoteli, jambo ambalo hakuwahi kulifanya siku ya kazi, tukashuka Nakuru.

Mwezi wa nane wote nilijua mabenchi. Benchi la kujiandikisha, benchi la damu, benchi la picha ambako unanyweshwa dawa nyeupe nzito kama chokaa huku wakitazama inavyoshuka, benchi la kamera, ile wanayoishusha kooni kwa mpira. Wagonjwa wa koo tulijuana bila kuambiana. Kila mmoja alikuwa na kopo la kutemea mate, na kila mmoja alikuwa na mtu pembeni wa kumshikia begi.

Siku ya majibu ya kamera tulikaa tangu asubuhi hadi saa saba. Mama mmoja aliyekuwa amemleta kaka yake alitoa pakiti kwenye kikapu, akaanza kuipitisha.

"Hii ni chai ya zambarau. Inaosha damu, inatoa sumu yote mwilini. Jirani yangu amekunywa hii, sasa hata kliniki haendi."

Mwingine akasema kwao wanatumia ile ya kijani, na ndiyo kali zaidi. Joel akaomba aione pakiti. Akamwaga majani kidogo kiganjani, akayanusa, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi.

"Majani mazuri haya, mathe," alisema. "Lakini chai zote ni mti mmoja. Ukichuma chipukizi kabla halijafunguka ukalikausha tu, hiyo ni chai nyeupe. Ukichukua majani mawili na chipukizi, ukayapitisha kwa mvuke yasibadilike rangi, ni ya kijani. Ukiyasaga ukayaacha yapate hewa mpaka yawe rangi ya shaba, ni hii yetu ya kila siku. Hii ya zambarau ni mche wa aina yake, jani linatoka shambani likiwa hivyo."

"Sasa ni dawa ama si dawa?" aliuliza yule kaka mgonjwa. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza.

"Inachangamsha mwili, inatuliza kichwa. Wachina waliinywa kama dawa kabla hawajaanza kuinywa kwa raha. Mzungu akaipeleka India, halafu mwingine akaileta Limuru, akaipanda kama maua ya nyumba. Mama yangu aliichuma maisha yake yote na ile nzuri hakuionja, ilipanda meli, sisi tukaachiwa vumbi. Ingekuwa inaponya kila kitu, wale wachumaji wangekuwa hawafi. Kunywa, mzee, lakini kliniki uje."

Watu wakacheka, hata yule mama mwenye pakiti. Nilimtazama mume wangu, mwanamume wa koti la mitumba na viatu vilivyopakwa rangi asubuhi hiyo, akiwa amegeuza benchi la wagonjwa kuwa darasa, nikajisikia fahari. Sikumsikia tena akiongea hivyo juu ya chai.

Daktari alikuwa msichana mpole, rika la Chebet wetu. Alisema ni saratani. Alisema imeshika njia ya chakula katikati lakini haijatoka nje, kwa hivyo watajaribu kuiponya, si kuituliza tu. Nikalishika hilo neno, kuiponya. Kisha akavuta karatasi, akaanza maswali. Sigara? Hapana. Pombe? Hapana. Kuna mtu kwa familia amewahi kuugua hivi? Hapana.

"Na chai, mnakunywa ikiwa moto kiasi gani?"

Joel akatabasamu kabla sijafungua mdomo. "Moto kabisa, daktari. Ikipoa hiyo si chai tena. Mimi ndiye napika."

Daktari akaandika. Joel aliiona ile kalamu ikienda.

"Unaandika nini hapo?"

"Ni maswali tunauliza kila mtu, mzee. Kinywaji cha moto sana, kwa miaka mingi, kinaunguza koo kidogo kidogo. Si majani ya chai, ni ule moto. Lakini hakuna mtu anaweza kusema kwa huyu mama ni hicho. Wengine wanakunywa hivyo maisha yao yote na hawapati shida."

Joel akaitikia kwa kichwa, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Tulipoingia mle alikuwa amenishika mkono. Tulipotoka alitembea hatua mbili nyuma yangu, amebeba begi.

Mionzi ilianza mwezi wa tisa. Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano na siku chache, na kila Jumatatu dripu ya dawa. Nilihamia kwa Chebet, aliyekuwa amepanga vyumba viwili mtaa wa Langalanga, hapo Nakuru, na kufanya kazi ya saluni. Walinichora alama za wino kifuani, wakaniambia nisizioshe. Unalala juu ya meza ngumu, wahudumu wote wanatoka, mlango mzito unafungwa, na unabaki wewe na mashine inayonguruma. Mimi nilikuwa nahesabu wateja wa Joel kwa majina, mmoja mmoja, na kwa kawaida nikifika kwa dereva wa kumi na nne mlango ulikuwa unafunguliwa.

Wiki mbili za kwanza sikusikia kitu, nikadhani nitakuwa yule mtu mwenye bahati. Wiki ya tatu koo likawaka. Mate yakawa kama uzi, siwezi kuyameza wala kuyatema. Nywele zilibaki kwenye mto. Ngozi ya kifua ikawa nyeusi kwa umbo la mraba, na mgongoni pia, kama nimepigwa pasi pande mbili. Sauti ikaondoka. Ndipo wakanitoboa tumbo, wakaniwekea mpira wa kupitishia chakula.

Huku nyuma, hoteli ya Joel ilikuwa inakufa na mimi sijui. Niliambiwa baadaye na dereva mmoja. Alisema Joel alianza kupanga vikombe kwenye meza ya jikoni na kukaa navyo, hataki kuvitoa mpaka mvuke uishe. "Tulimwambia, mzee, unatupatia maji ya kuoga? Akasema tungoje kidogo, ni vizuri kwa koo. Tukaona ni stress." Wakahamia hoteli ya jirani. Mwishoni mwa mwezi wa tisa Joel alifunga, akaja Langalanga na begi moja.

Alijifunza ule mpira haraka kuliko Chebet. Alichuja uji mara mbili kwa kitambaa safi, akaujaribu juu ya kiganja kama mtu anayejaribu maziwa ya mtoto, akaumimina polepole kwa bomba la sindano huku akinitazama usoni. Siku moja nilimwonyesha kwa mikono kwamba nataka chai. Alikataa. Nikaomba tena. Akapika kikombe kimoja cha maziwa, akakaa nacho karibu nusu saa, akanipa kwa mpira. Sikuonja chochote. Lakini nilikisikia kile kivuguvugu kikifika tumboni, na harufu ilikuwa imejaa chumba, nikalala mchana huo bila kuamka kwa saa tatu. Ilikuwa zawadi kubwa. Nasema hili kwa anayemwuguza mtu mwenye mpira: mpe harufu.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya mionzi, siku ya Alhamisi. Sista alikuwa amesema nijaribu kumeza kijiko kimoja cha maji kila siku ili njia isijifunge. Kila tone lilikuwa wembe. Joel alikaa kando ya kitanda na kijiko. "Jaribu, Mama Chebet. Kimoja tu." Nikageuza uso. "Kimoja tu, kwa ajili yangu." Nikamwashiria asogee. Aliinama, akaleta sikio lake mdomoni kwangu, kwa sababu sauti yangu haikufika mbali, na mimi nikamwambia sikioni, "Ni chai yako ilinifanya hivi."

Akanyooka. Akakirudisha kijiko kwenye kikombe bila kumwaga. Akasema, "Ni kweli." Kisha akaenda kuosha lile bomba la sindano, akalining'iniza likauke, na saa ya kunilisha ilipofika alikuja kunilisha.

Nilijua papo hapo nimefanya nini. Nikajiambia nitamwomba msamaha nikipata sauti. Sauti ilirudi mwezi wa kumi na moja, nikajiambia ni vizuri zaidi nikishapigwa picha nijue kama ninaishi. Mwezi wa kumi na mbili picha ikatoka safi. Daktari alirudia mara mbili kwa sababu Chebet alikuwa analia na hakusikia. Nikajiambia basi, nitamwambia Joel siku wakitoa mpira, tukiwa nyumbani, tumetulia. Januari wakatoa mpira. Tukarudi Elburgon. Kulikuwa na jua zuri, na majirani, na sala ya shukrani, na sikumwambia.

Chakula changu cha kwanza cha mdomo kilikuwa viazi vilivyopondwa kwa maziwa. Joel aliponda bakuli mbili. "Tule wawili," alisema, "usijione mgonjwa." Kuanzia siku hiyo alikula nilichokula. Parachichi lililopondwa, uji, supu iliyochujwa, viazi. Nikimwambia ajipikie ugali alisema amezoea sasa. Alikuwa amekonda, lakini nani asingekonda baada ya mwaka kama ule? Akina mama wa kanisa walisema wanaume kama Joel waliisha zamani. Chebet alimpiga picha akiwa ameshika bakuli lake kando yangu, akasema, "Baba anakupenda, jamani." Na mimi niliamini hivyo, na nilikuwa sawa kuamini. Ila sikuona kilichokuwa ndani ya upendo huo.

Katikati ya mwezi wa pili, wakati wa jua kali na vumbi, niliamka nikitaka ugali. Nilisonga mlaini, nikakatakata sukuma wiki ndogo ndogo, nikachemsha maharagwe mpaka yakavunjika. Chebet alikuwa amekuja kututembelea. Nikatia tonge mdomoni, nikatafuna, nikafunga macho. Likashuka. Chebet akapiga kigelegele. Akampa baba yake sahani, akamwambia leo hakuna uji, leo ni sherehe. Joel alikata tonge dogo, akala. Akakata la pili. Halafu akasema anakwenda kuangalia ng'ombe.

Nilitoka nyuma yake baada ya dakika chache nikiwa bado nacheka. Alikuwa nyuma ya jikoni, mkono mmoja ukutani, mwingine kifuani, shingo imeinama kidogo kushoto.

Hakuna mtu aliyehitaji kunieleza ile shingo.

Nilisubiri amalize kutema. Akageuka akaniona. Akafuta mdomo kwa mkono wa shati.

"Tangu lini, Joel?"

"Si sana."

"Tangu lini?"

"Kama ulipoanza mionzi. Wakati huo ilikuwa nyama tu."

"Miezi mitano! Ulikuwa unaingia na mimi kwa daktari kila wiki. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, mngeacha yako mnishughulikie. Nilitaka upite kwanza." Akatazama zizi. "Halafu hiyo chai niliipika mwenyewe."

Nikajua hayo maneno yalikotoka. Nikamshika mikono. "Joel, ile siku nilisema... "

"Ulikuwa mgonjwa."

"Nisikize. Nilikuwa na uchungu, nikatafuta mahali pa kuuweka."

"Ulikuwa mgonjwa, Esther," alisema tena, na akaniita jina langu, jambo alilolifanya mara chache. Hakukasirika. Lakini hakuniambia kwamba yale maneno hayakumwingia, na mimi sikuwa na haki ya kumwomba aseme hivyo.

Tulirudi kwenye yale mabenchi. Nilijua kila moja. Safari hii mimi ndiye niliyebeba begi, na yeye alikuwa na kopo. Daktari yuleyule alipotuona alidhani ni mimi nimerudiwa na ugonjwa. Alipoelewa, akaondoa miwani. Wakamfanyia kamera na picha. Ilikuwa imefika kwenye ini. Hakutaja kuponya. Alisema watamwekea kibomba kidogo ndani ya koo ili aweze kunywa, na watafanya asiumie.

"Hata mimi sikumwuliza," yule daktari aliniambia tulipobaki wawili. "Nilimwona hapa kila Jumatatu. Nilikuwa nakuangalia wewe."

Sikumlaumu. Macho yetu sote yalikuwa kwangu.

Joel aliishi mpaka mwezi wa sita. Mvua ilinyesha vizuri mwaka huo. Viazi vilichanua maua, naye alikuwa anakaa nje kwenye kiti akiviangalia wakati jua linapotoka. Mwili uliisha haraka. Nilimwogesha, na nikajua kila mfupa ambao yeye aliujua kwangu. Tuliongea sana, zaidi ya miaka yote, lakini mambo madogo: nani atakamua, mbwa apewe nani, kama Chebet ataolewa na yule kijana wake mnyamavu. Nilimwomba msamaha tena mara mbili. Mara ya pili aliniambia, "Mama Chebet, ukiendelea hivyo utafanya mimi ndiye nikufariji, na nimechoka." Tukacheka. Kisha nikaenda jikoni nikalia hadi nikatapika.

Wiki moja kabla hajaenda, alitaka chai. Nikampikia kama nilivyozoea kumpikia tangu augue, vuguvugu. Akaonja, akaikunjia uso.

"Hii ni ya kuoshea vyombo."

"Joel."

"Nipikie chai."

Sista anayetembelea wagonjwa manyumbani alikuwa pale akifunga mkoba wake. Nilimtazama. Akasema kwa upole, "Mpe anachotaka, mama."

Nikaiteleka. Nilipika kama alivyopika yeye, maziwa na maji na majani pamoja, nikaiacha ipande mara tatu, nikatia tangawizi. Nilimletea ikiwa inatoa moshi, nikamshikilia kikombe kwa leso. Aliinusa muda mrefu. Alikunywa funda moja, akafumba macho, na la pili, halafu akakisukuma kikombe.

"Imekolea," alisema. "Umeweza."

Nilikuwa nimemnywesha kile kitu ambacho nilikitumia kumjeruhi. Sijui kama nilifanya vizuri. Najua alilala akiwa na uso wa mtu aliyeshiba.

Alifariki asubuhi ya Jumapili, ukungu ukiwa umefunika mpaka uzio, Chebet amemshika mguu na mimi nimemshika kichwa. Tulimzika Ijumaa. Wapasua mbao walichonga jeneza wenyewe. Madereva waliegesha malori barabarani wakaja na makoti yao. Akina mama wa kanisa walipika chai katika masufuria makubwa, wakaigawa ikiwa inatokota, na watu wakainywa hivyo hivyo, kwa sababu kulikuwa na baridi. Niliwaona. Siku hiyo sikuwa na nguvu ya kumfundisha mtu yeyote.

Imepita zaidi ya mwaka. Mimi nipo. Nakula karibu kila kitu, polepole, na nyama naisaga. Kuna siku napata njaa na kukasirika kwamba nimepata njaa. Chai nakunywa, watu hushangaa nikisema hivyo. Nakunywa ikiwa imepoa kiasi cha kuweka kidole ndani bila kukitoa. Sijaichukia. Ilikuwa kazi ya mume wangu na alikuwa anaijua vizuri.

Wewe unayeugua, koo likikataa chakula wiki mbili, usilidanganye kwa chai wala uji. Nenda, na uombe kamera. Na ukiwa kitandani, ukiwa na uchungu usioelezeka, uweke popote lakini usiuweke kwa mtu anayekushikia kijiko. Ukiuweka, omba msamaha siku hiyohiyo, hata kama huna sauti. Andika. Shika mkono. Usingoje picha itoke safi.

Naenda kliniki kila baada ya miezi mitatu. Mwezi uliopita nilikaa karibu na mume na mke waliotoka Kabazi. Mke ndiye mgonjwa, siku yake ya kwanza, kopo mkononi. Mume alikuwa na begi, barua ya daktari, sweta la mke, na uso ambao haukuwa umelala. Nilimweleza mke kuhusu alama za wino, kuhusu mate, kuhusu harufu. Akashukuru. Kisha nikamgeukia mumewe.

"Na wewe, baba, unakula?"

"Mimi? Mimi niko sawa, mathe."

"Sijauliza kama uko sawa. Jana ulikula nini?"

Akamtazama mkewe, akanitazama mimi, kama mtu anayeulizwa swali la mtu mwingine. "Ugali. Na mboga."

Nilikuwa na chapati kwenye mkoba, niliyojibebea ya mchana. Nikakata kipande, nikampa. Alisita, akacheka kwa aibu, akasema si lazima.

"Kula tu," nikamwambia. "Bila maji."

Mkewe akaacha kutema mate, akageuka pia. Yule mwanamume akatia kipande mdomoni, akatafuna, akameza, nami nikalitazama koo lake mpaka kikashuka.